Faili kwanza, mtandao baadaye

Wacha! Usibonyeze kitu. Unauliza kama unaweza kuunganisha programu ya kuhariri na akaunti zako, video ya harusi ya mteja iende YouTube, TikTok na Instagram usiku huu bila kukaa kwenye diski, kisha ufute kadi upate nafasi ya kazi ya Jumamosi. Kwa baadhi ya programu na mitandao inawezekana, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Mimi yalinikuta kwa video ya ruracio, sherehe ya mahari ya Wakikuyu, huko Limuru. Nikatia tiki kile kisanduku cha kufuta faili ya laptopu ikishapakiwa, kwa sababu jamaa mmoja aliyekula pesa yangu ya kozi, yule wa kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba, alisema mhariri wa kisasa hajazi diski. Video ikafika YouTube, nikafuta mradi, nikafomati kadi, nikalala kama mfalme. Asubuhi mama ya bibi harusi akapiga: "Kijana, jina la marehemu mume wangu umeliandika vipi?" Njoroge alikuwa amegeuka Njoronge. Herufi moja tu, lakini maandishi yalikuwa yameshashikana na picha.

YouTube haikubali ubadilishe faili ya video iliyokwisha kupakiwa. Utakata kipande, utatia ukungu, basi. Ukipakia upya unapata kiungo kipya, watazamaji sifuri, na kile cha kwanza kilikuwa kimezunguka WhatsApp ya ukoo mzima. Nikasema nipakue nirekebishe: YouTube Studio, ukurasa wa mwenye chaneli kusimamia video zake, inakurudishia 720p au 360p, yaani picha ya ubora wa chini. Nikafunika jina kwa utepe, na kwenye projekta wazee wakaonekana kama wamepigwa kupitia neti ya mbu. Pesa ya mteja nilirudisha, na ada ya M-Pesa nikalipa mimi. Yule wa kozi nilipomlalamikia alijaribu kuniuzia kozi ya pili!

Sasa sikia. Toa video ya 1080p (HD kamili) kwenye diski, kwa H.264 (mfumo wa kubana video), megabiti 8 kwa sekunde ikiwa ni fremu 30 kwa sekunde. Hiyo ni kama MB 60 kwa dakika. Usiniambie nafasi hakuna. Itazame yote kwa simu, majina mtumie mteja ayasome mwenyewe. Nakala nyingine iende diski ya nje. Ndipo upakie kwa mkono, kwanza ionekane na wenye kiungo pekee. Bando likikatika katikati, faili bado unayo.

Kadi ya kamera hujaifuta bado, sivyo?