Hatulii, ana hofu, na sasa anapiga wenzake
SWALI: Dada, mwanangu ana miaka 8, darasani hatulii, kazi anaiacha nusu, halafu akisikia kesho kuna mtihani tumbo linamuuma usiku kucha, na siku hizi anapiga wenzake. Ndo atakuwa hivi mpaka ukubwani?

JIBU: Pole sana mama, si lazima kabisa. Ila usisubiri, maana mtoto asiyetulia akigombezwa kila siku anaanza kujiona mbaya na hapo ndo ukorofi unakomaa. Hofu nayo inamvuruga, unadhani hasikilizi kumbe anawaza, na wengine wanapiga kwa sababu wanaogopa. Kama imezidi miezi 6, nyumbani na shuleni, mwone daktari wa watoto au mwanasaikolojia, aangalie vyote viwili, kutotulia na hofu. Viboko acha, nakuomba. Mpe agizo moja moja, akimaliza msifie papo hapo.