Je, Kila Ua Lina Nyuki Wake?

SWALI: Mhariri, mimi ni mkulima wa bilinganya. Nimeona kwamba nyuki wa mzingani huyapita maua yake, ilhali wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa boriti huyang'ang'ania wakivuma kwa nguvu. Je, ni kweli kila ua liliumbika jozi na nyuki wake? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Umeona vizuri, ndugu msomaji, lakini jozi kamili ni nadra sana. Ua la bilinganya halina nekta. Lina chavua tu, tena imefungiwa ndani ya vifuko vya manjano vyenye vitundu nchani. Nyuki mweusi hukiuma kifuko, akatuliza mabawa huku misuli ya kurukia ikitetemesha kifua chake, na chavua ikammwagikia tumboni. Nyuki wa asali hawezi kufanya hivyo.

Chavua ndiyo chakula cha majana, yaani watoto wa nyuki, kwa hiyo kila punje inayopelekwa kiotani ni hasara kwa mmea. Mmea uliotoa chavua yake kidogo kidogo ulipata mbegu nyingi zaidi, na nyuki aliyeweza kuitikisa alipata chakula ambacho wengine hawakukifikia. Ndivyo pande hizo mbili zilivyosukumana kwa mamilioni ya miaka. Hata hivyo, mtetemo huo ulizuka mara nyingi katika koo mbalimbali za nyuki, na vifuko vya namna hiyo katika familia nyingi za mimea. Bilinganya lenyewe lilianza kulimwa Asia, lakini nyuki wetu wanalimudu kwa kuwa tayari walihudumia mimea ya jamii yake, kama ndulele. Huko Nguruman, Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 uliwataja wachavushaji wawili wa bilinganya: Xylocopa caffra, ambaye ni mmoja wa hao weusi wako, na Macronomia rufipes aliye mdogo zaidi.

Mfano ulio karibu zaidi na jozi uko Afrika Kusini. Nyuki jike wa jenasi Rediviva hutumbukiza miguu ya mbele katika vichomozo viwili, mithili ya mirija, vya ua la Diascia ili kukusanya mafuta, na katika spishi moja ya nyuki hao imebainika kwamba vichomozo vinapokuwa virefu zaidi, miguu nayo huwa mirefu. Hata huko, spishi moja ya nyuki huweza kuhudumia spishi kadhaa za Diascia.

Kwa kuwa bilinganya halina nekta, nyuki wako huitafuta kwenye maua ya porini, nao hutaga katika mbao kavu. Kwa hiyo usifyeke kichaka chote kinachopakana na shamba.