Kuchoma video ya familia kwenye DVD: anza na deki ya bibi

Desemba moja nilipanda Kibosho na DVD mbili nilizozichoma mwenyewe hapa Moshi mjini. Ilikuwa video ya jubilei ya babu na bibi, miaka 50 ya ndoa: misa, kwaya, zawadi, na ile hotuba ya babu iliyowachekesha wazee wenzake hadi wakafuta machozi. Babu alikuwa ametutoka miezi michache kabla. Bibi alikuwa amewaita majirani, ameshakunja kile kitambaa cha kufuma anachofunikia TV. Nikaweka diski, trei ikaingia, deki ikazunguka na kukwaruza kwaruza, kisha kioo kikaandika NO DISC. Ya pili nayo hivyo hivyo. Bibi akasema, "Si kitu mjukuu wangu, tutaiona siku nyingine." Majirani wakamaliza chai, wakaaga.

Diski zenyewe hazikuwa mbovu. Kwenye laptop yangu zilicheza vizuri kabisa. Kosa ni kwamba nilichukua faili la MP4 la kwenye simu nikalidondosha kwenye DVD kama unavyoweka kitu kwenye flashi. Kwa kompyuta hiyo inatosha. Kwa deki ya zamani haitoshi, kwa sababu haitafuti faili lolote tu la video: inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya VOB, IFO na BUP, na picha iliyobanwa kwa mfumo wa MPEG-2. Simu zetu zinarekodi kwa H.264 au mifumo mipya zaidi, na deki iliyotengenezwa kwa ajili ya DVD za kawaida haina uwezo wa kuufungua mfumo huo.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniomba nimchomee video, swali langu la kwanza ni: itatazamwa kwenye deki gani? Mwambie aipige picha, mbele na nyuma. Ikiwa mbele kuna alama ya DivX, itasoma pia mafaili ya AVI yaliyobanwa kwa XviD, na hapo unaweza kuweka saa nyingi kwenye diski moja. Ikiwa ina tundu la USB, jaribu flashi kwanza, ila iformatiwe FAT32, na usitegemee kwamba kuwepo kwa tundu maana yake MP4 itacheza. Deki nyingi zenye tundu hilo zinasoma AVI na MPEG tu. Na ukikuta ni deki ya siku nyingi isiyo na alama yoyote zaidi ya DVD, usihangaike na njia za mkato. Tengeneza DVD kamili, yenye ile folda ya VIDEO_TS.

Kazi hiyo mimi naifanya kwa DVDStyler. Ni programu ya bure, inafanya kazi kwenye Windows na Linux. Ukianza mradi mpya itakuuliza mfumo wa TV: PAL au NTSC. Chagua PAL, ndiyo inayotumika Tanzania: picha ya 720 kwa 576, fremu (yaani picha moja moja) 25 kwa sekunde. Deki nyingi za huku zinakubali zote mbili, lakini TV ya zamani ya kioo kinene inaweza kukuletea picha ya NTSC isiyo na rangi au inayopanda na kushuka, na mzee atadhani TV imekufa. Kuhusu umbo, video iliyorekodiwa simu ikiwa imelazwa ichomwe 16:9, yaani picha pana. Iliyorekodiwa simu ikiwa wima itakuwa na weusi mpana pande mbili, na hakuna dawa nzuri ya hilo. Waambieni wajomba na shangazi walaze simu siku ya sherehe.

Sasa hapa pana jambo lililonisumbua kuliko yote. Nilipoichoma upya ile jubilei kwa njia sahihi, deki yangu ya nyumbani iliicheza. Dakika kumi za kwanza safi. Kufika katikati ya misa, kwaya walikuwa wameshafunga midomo na wimbo bado unaendelea. Kwenye hotuba, babu alinyanyua mkono kuwasalimu watu na salamu yenyewe ikaja baadaye. Niliirudia mara tatu nikidhani nimekosea mahali. Chanzo ni kwamba simu hairekodi kwa mwendo mmoja. Penye mwanga hafifu, kama ndani ya kanisa, inapunguza fremu, nje inaongeza. DVD inadai fremu 25 kila sekunde bila kupungua, na wakati wa kubadilisha, sauti na picha zinaanza kuachana kidogo kidogo. Kadiri video inavyokuwa ndefu ndivyo zinavyoachana zaidi.

Dawa yake: pitisha faili kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, nayo ni ya bure. Kwenye sehemu ya video weka fremu 25, kisha chagua Constant Framerate. Sauti iweke kwenye 48 kHz, ndiyo inayotakiwa na DVD. HandBrake itakutolea MP4 nyingine iliyonyooka, na hiyo ndiyo unayoipeleka DVDStyler. Inakula muda, hasa kwa laptop ya zamani. Mimi huiacha ifanye kazi usiku. Kabla ya kuchoma, ruka hadi dakika za mwisho za video utazame midomo ya watu. Mwanzo wa video haukwambii chochote.

Ukubwa nao uuangalie. Diski imeandikwa GB 4.7, lakini kompyuta itakuonyesha kama 4.37, kwa sababu kiwanda na kompyuta wanahesabu tofauti. Hujaibiwa. Saa moja ya video hukaa kwa picha nzuri sana, saa mbili bado ni nzuri. Ukilazimisha saa nne, nyuso za watu waliosimama mbali zinakuwa vibandiko vya mraba mraba. Sherehe ya kipaimara au harusi ya saa tano igawe kwenye diski tatu na uziandike namba. Usisikilize anayekwambia "zote zinaingia kwenye moja." Zinaingia, lakini hutamtambua mtu.

Kwa diski, mimi nanunua DVD-R. Deki za zamani huzipokea kwa urahisi kuliko DVD+R, na zile za RW za kufuta na kuandika tena zinaakisi mwanga kidogo, kwa hiyo lenzi iliyochoka inashindwa kuzisoma. Mwendo wa kuchoma uwe 4x au 8x hata kama boksi linasema 16x. Kwa 4x diski nzima inachukua kama robo saa tu. Laptop iwe na chaji ya kutosha, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuchoma na hakuna betri ya kuendeleza kazi, diski hiyo imekwenda. Ukimaliza, acha programu ihakiki ilichoandika.

Ikiwa huna kifaa cha kuchomea, vibanda vya mjini watakufanyia, na wengi wanaijua kazi. Wewe waambie tu: nataka DVD ya deki, siyo data, PAL, na mwendo mdogo. Kisha omba waijaribu kwenye deki mbele yako, siyo kwenye kompyuta yao.

Juu ya diski andika kwa kalamu laini ya CD. Karatasi ya kubandika usiweke: inaharibu mizani ya diski inapozunguka, na gundi ikilegea kwa joto karatasi inaweza kunasa ndani ya deki. Zisiachwe dirishani, maana jua linafifisha rangi ya ndani ya diski iliyobeba video. Vumbi la kiangazi lifutwe kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, siyo kwa kuzungusha. Na faili la asili la simu lisifutwe kamwe. Mimi nimeliweka kwenye hard disk mbili, moja kwangu Pasua, nyingine kwa dada Arusha.

Kuna kitu kimoja zaidi nilichojifunza kwa bibi mwenyewe. Rimoti yake ilikuwa imebaki na vitufe vichache vinavyofanya kazi, vya mishale vimekufa siku nyingi. Nilikuwa nimetengeneza menyu nzuri yenye picha yao ya arusi. Nikaiondoa. Nikapanga diski ianze yenyewe mara tu trei ikifunga, na ikifika mwisho irudi mwanzo. Kisha nikaikata hotuba ya babu nikaichomea diski yake peke yake, nikaandika BABU kwa herufi kubwa ambazo bibi anaweza kuzisoma bila miwani.

Nilipanda tena Kibosho kabla ya Pasaka. Diski ya BABU aliiweka mwenyewe.