Umetoka kwenye boda umechukua 600? Soma hii kabla hujaenda traki

Hii naandika kwa vijana wa huku Mwanza ambao miaka yote wameendesha boda za 125 na 150, sasa mtu kajichanga kapata pikipiki kubwa ya cc 600, R6 au CBR600RR au GSX-R, mtumba ila safi, na tayari ashaanza kuulizia siku za traki, yaani siku za kuendesha kwa spidi kwenye uwanja wa mbio, huko Kenya maana hapa kwetu hatuna. Mimi mkiuliza hivyo nafurahi sana, spidi mahali pake ni huko, sio pale Igoma asubuhi watu wanavuka kwenda kutafuta riziki. Ila kitu ninachokiona kila mara ni kimoja, mtu anabadilisha pikipiki lakini mikono na miguu inabaki ya boda, na fundi wake naye anabaki na mazoea ya boda, hapo ndo mambo yanapoharibika.

Tuanze na breki. Kwenye boda mguu wa kulia ndo unafanya kazi yote, breki ya mbele watu wanaiogopa, na kwenye njia za vumbi za Kishiri au Buhongwa ndani huko wana haki ya kuiogopa, ukiibana kwenye mchanga unalala chini. Sasa 600 imejengwa kinyume chake. Mbele ina diski mbili, ukifunga breki kwenye lami kavu uzito wote unahamia mbele na tairi ya nyuma inabaki nyepesi kabisa, kwa hiyo ukiukanyaga mguu kwa nguvu kama ulivyozoea, nyuma inajifunga na inaanza kukutembeza pembeni. Unachotakiwa kufanya ni kuvuta breki ya mkono kwa vidole viwili, kwanza kidogo, unasubiri kale kamuda shokapu za mbele zinapozama, ukisikia tairi imeshika lami ndo unaongeza. Usiikabe ghafla! Ukiikaba kabla uzito haujahamia mbele, tairi inateleza hapohapo. Tafuta eneo la lami lisilo na watu, omba ruhusa kwa wenyewe, anza na spidi 30, panda 40, panda 60, rudia mpaka mkono ujue wenyewe bila kufikiri. Na hesabu hii iweke kichwani: spidi ikizidi mara mbili, umbali wa kuisimamisha pikipiki kwa breki unazidi mara nne. Ukiwa 100 kila sekunde inayopita umeshakula karibu mita 28, hapo bado hujashika hata breki.

Halafu mafuta ya breki, hiki kitu watu wa boda hawakijui kabisa kwa sababu boda nyingi zinatumia waya na breki za dramu. Pikipiki nyingi kubwa zinataka DOT 4, hakikisha kwenye mfuniko wa kikopo chake pameandikwa, na haya mafuta yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani. Yakishanyonya maji, ukifunga breki kali mfululizo yanachemka, unavuta mkono unakuja wote mpaka kwenye usukani na pikipiki haisimami. Barabarani unaweza usijue hata mwaka mzima, traki utajua mapema sana. Kawaida yanabadilishwa kila miaka 2, ila kama umenunua mtumba usimuulize aliyekuuzia, badilisha tu, na ukiona yameshakuwa ya kahawia ujue yalipitiliza zamani. Yakimwagikia rangi futa haraka kwa maji, yanaibabua.

Cheni sasa. Nawaomba sana ndugu zangu, msikubali fundi awapakie oili chafu iliyotoka kwenye injini. Hiyo oili inashika mchanga, na mchanga wa huku kwetu unavyoteremka kutoka kwenye miamba kila mvua ikinyesha unaujua, ukichanganyika na oili unasaga cheni na spoketi taratibu mpaka meno yanachongoka. Cheni ya pikipiki kubwa ina vipira vidogo katikati ya kila pingili, vinatunza grisi ya ndani. Petroli inaviharibu. Chukua mafuta ya taa na brashi laini, safisha, futa kwa kitambaa, kisha paka dawa ya cheni upande wa ndani pale inapogusana na spoketi, na upake baada ya kutoka barabarani cheni ikiwa bado ya moto, iache ilale usiku mzima. Kukaza nako kuna ufundi wake, mafundi wengi wanaipenda imekaza kama waya wa gita, wakati mkono wa nyuma, kile chuma kinachoshika gurudumu la nyuma, ukipanda na kushuka cheni yenyewe inajivuta zaidi, ikikosa nafasi inakula beringi. Zungusha gurudumu utafute sehemu iliyokaza kuliko zote, upimie hapo, nyingi zinataka icheze milimita 25 mpaka 35, nyingine 35 mpaka 45, soma kitabu chako au karatasi iliyobandikwa kwenye mkono wa nyuma.

Oili ya injini usiweke ya gari. Klachi ya hii pikipiki inaogelea humohumo kwenye oili, na oili nyingi za magari zimewekwa dawa ya kulainisha, klachi inaanza kuteleza, injini inalia lakini pikipiki haiendi. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2.

Tairi zinawadanganya wengi. Unakuta mtumba una kashata nzuri mtu anafurahi, kumbe mpira ushakuwa mgumu. Ubavuni kuna tarakimu nne, mfano 2318, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Upepo nao usipimwe kwa kubonyeza na kidole, nunua geji yako mwenyewe, barabarani nyingi zinakaa psi 36 mbele na 42 nyuma. Traki unapunguza kwa sababu tairi inapata moto na upepo unapanda, kiasi gani inategemea aina ya tairi, muulize anayeuza au watu wa traki wenyewe. Mizunguko ya kwanza nenda polepole, tairi ya baridi haishiki.

Kuhusu safari, pikipiki ipakie kwenye kirikuu, ifunge mikanda mbele mpaka shokapu zizame kiasi, na karatasi za kuvuka Sirari ulizia mapema. Traki nyingi zinataka utoe kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini, uweke maji matupu, kwa sababu kulanti ikimwagika lami inakuwa utelezi na aliye nyuma yako ndo anaanguka. Vioo toa, taa bandika tepu, bolti ya kutolea oili ikaguliwe. Suti ya ngozi, glavu, buti za kufunika kifundo, na helmeti ambayo haijawahi kudondoka. Bendera ya njano usimpite mtu, nyekundu unapunguza taratibu na kurudi piti, pale pikipiki zinapoingilia na kutokea traki. Ingia kundi la wanaoanza hata kama una miaka kumi ya boda.

Kwenye kona boda imetufundisha kutoa mguu na kuangalia chini mbele ya tairi. Acha. Maliza breki kabla ya kona, geuza kichwa uangalie unakotokea, kona ya kulia sukuma usukani wa kulia kwa mbele, pikipiki italala yenyewe, fungua akseleta kidogokidogo.

Ukirudi kagua pedi za breki, cheni, na ile rejeta, hasa kama umepita kandokando ya ziwa jioni, maana wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka majini wanajaa kwenye matundu yake na kwenye kioo cha helmeti. Usiwasugue kavu, weka kitambaa kilicholowa dakika chache ndo ufute, kioo kikichubuka usiku huoni. Kulanti rudisha, maji matupu yanaleta kutu ndani ya injini, na upepo wa tairi upandishe tena uwe wa barabarani kabla pikipiki haijaingia mjini.