Kifaru cha Vickers cha tani 6: kwa nini Uingereza ilikiuza bila kukitumia?

SWALI: Nasoma kwamba kifaru chepesi cha Vickers cha tani 6 kilinunuliwa na nchi nyingi kabla ya Vita Kuu ya Pili, lakini jeshi la Uingereza lenyewe lilikikataa. Je, kilikuwa kibovu?

JIBU: Hapana. Vickers-Armstrongs walikiunda mwaka 1928 kwa fedha zao, bila kuagizwa na jeshi. Jeshi lilikijaribu, likatilia shaka springi zake, likakiacha. Kampuni ikatafuta wateja ng'ambo.

Kilikuja kwa namna mbili. A ilikuwa na minara miwili midogo (vibanda vya silaha vinavyozunguka juu ya kifaru), kila mmoja na bunduki ya rashasha. B ilikuwa na mnara mmoja wa watu wawili, wenye mzinga wa milimita 47 na rashasha sambamba nao. Ningeulizwa mimi, ningechukua B bila kusita, maana rashasha pekee haitoboi kifaru cha adui. Kasi ilifika kama kilomita 35 kwa saa na minyororo ya magurudumu yake ilidumu kuliko ya wengi wa zama zile. Bamba la chuma, milimita 13 tu, lilizuia risasi za bunduki lakini si mzinga.

Udhaifu wake hasa ulikuwa injini ya Armstrong Siddeley, iliyopozwa kwa hewa. Ilichemka. Wapolandi, walionunua 38, walilazimika kuongeza matundu makubwa ya hewa ubavuni, kisha wakaunda kifaru chao, 7TP, chenye injini ya dizeli. Bolivia ilipeleka vitatu kwenye vita vya Chaco dhidi ya Paraguay, na joto la kule liliwatesa askari waliokuwa ndani.

Aliyefaidika kuliko wote ni Msovieti. Alinunua 15 pamoja na leseni ya kukitengeneza, akazaa kifaru chake, T-26, na viwanda vyake vikatoa zaidi ya 10,000. Kwa idadi hiyo, mauzo yote ya Vickers yenyewe ni kama hayapo.

Ufini nayo iliagiza 32, vikafika bila mizinga. Ikabidi ifunge mizinga ya Bofors, kampuni ya Uswidi, ya milimita 37 nyumbani. Tarehe 26 Februari 1940, Wasovieti walipokuwa wameivamia Ufini, huko Honkaniemi vichache vilivyofanikiwa kufika vitani vilikutana na vifaru vya Kisovieti, vikapigwa vibaya. Vilivyobaki vilifungwa mizinga ya milimita 45 iliyotekwa kwa Wasovieti, vikaitwa T-26E.