Shangazi, mdogo wangu hanisemeshi kwa sababu ya theluji

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Gungu hapa Kigoma. Mwanangu wa kwanza anaishi Buffalo, Marekani, na mkewe na watoto. Binti wa mdogo wangu naye yuko mji huohuo, analea mtoto mdogo peke yake. Krismasi ya 2022 mwanangu alimwalika nyumbani kwake. Tulifurahi sana huku. Mdogo wangu akapata mtu anayesafiri, akampa dagaa na chupa ya mawese awapelekee, wale pamoja.

Tarehe 23 mwanangu akamtumia binti ujumbe: "Msije, barabara zimefungwa, theluji." Basi, hakuongeza neno. Usiku wa Krismasi, saa tatu, akaweka picha ya meza: pilau, kuku, chapati, na dagaa walewale wa mdogo wangu wameungwa kwa mawese. Kumbe binti umeme ulikuwa umemkatikia, amejifunika makoti na mtoto wake, wanakula mkate mkavu. Mwanangu hakumpigia simu mpaka mwaka mpya.

Mdogo wangu alikuja kwangu analia. Akasema mkamwana wangu ndiye aliyemkataa mgeni, theluji ni kisingizio. Mimi kwa hasira nikamjibu: "Kwani mwanao hana jiko? Angepika." Tangu siku ile hatusemeshani. Juzi msibani tulikaa mkeka mmoja, kila mtu anaangalia upande wake. Krismasi nyingine hii imefika. Nimsubiri aje yeye, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa? Na hivi kweli, Shangazi, theluji inaweza kumzuia mtu kufika kwa ndugu yake aliye mji mmoja naye?

Mama wa Gungu

Marahaba, mdogo wangu wa Gungu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale kwenye lile swali lako la mwisho. Nimeona kwamba hata wewe, unayemtetea mwanao miaka yote hii, moyoni humwamini. Unamtetea huku unashuku kwamba alidanganya. Kwa hiyo naanza na theluji, nikutoe shaka hiyo, kisha turudi kwako na mdogo wako, maana huko ndiko kwenye kidonda.

Sisi wa huku theluji tunaijua kwa picha ya Kilimanjaro, imekaa kileleni imetulia. Barafu yetu ni ya kwenye friji. Ndiyo maana mdogo wako akisikia "theluji" anawaza baridi ya kuvaa sweta. Iliyopiga Buffalo Krismasi ile ni kitu kingine kabisa, na wewe mtu wa ziwani utaielewa haraka.

Buffalo imekaa kwenye ncha ya mashariki ya ziwa linaloitwa Erie. Ni ziwa refu, ila halina kina kama letu: Tanganyika inashuka mita 1,470, Erie mahali pake pa kina kabisa ni mita 64 tu. Desemba maji yake yanakuwa bado hayajaganda, yana joto kuliko hewa iliyo juu yake. Unakuja upepo wa baridi kali, unapita juu ya ziwa kwa urefu wake, unanyonya unyevu njia nzima, na ukifika nchi kavu unaumwaga wote kwa namna ya theluji. Unajua upepo wetu wa kiangazi unavyotoka kusini ukashika ziwa lote, mawimbi yakipanda hadi wavuvi wa Kibirizi wanavuta mitumbwi juu mchangani? Fikiria upepo wa namna hiyo, lakini badala ya mawimbi unabeba theluji, nao unaishia mlangoni kwa mwanao.

Ulianza tarehe 23 Desemba, siku ileile ya ujumbe. Asubuhi hiyo serikali ya huko ilipiga marufuku magari barabarani. Upepo ulivuma kwa kasi ya zaidi ya kilomita 110 kwa saa, na hadi dhoruba inakwisha theluji iliyoanguka ilizidi sentimita 130, yaani inamfika mtu kifuani. Ikipeperushwa hivyo huoni hata mkono wako mwenyewe ukiunyoosha. Magari ya zimamoto na ya wagonjwa yalikwama njiani. Watu zaidi ya 40 walikufa Buffalo na maeneo yanayoizunguka. Wengine walikutwa ndani ya magari yao, wengine barabarani wakijaribu kutembea, wengine ndani ya nyumba zisizo na joto. Gari likikwama kwenye theluji, bomba la moshi huzibwa, na aliye ndani akiwasha injini ili apate joto, moshi unamrudia humohumo. Ndivyo mtu anavyokufa akiwa na funguo mkononi, hatua chache kutoka anakokwenda.

Sasa mtie binti wa mdogo wako kwenye barabara hiyo, na mtoto mgongoni. Mwanao alipoandika "msije" alimwokoa ndugu yake. Hilo lishike, na mkamwana wako mwondolee lawama, kwa sababu hakuna mahali kwenye barua yako panapoonyesha amekosa chochote.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Siku moja bibi alivaa khanga zake mpya aende harusini Mwamgongo, boti iko tayari, baba akaangalia ziwa akasema hakuna anayepanda. Bibi alinuna siku mbili. Lakini hakuna aliyesema baba amemnyima bibi undugu, maana sote tulikuwa tunayaona mawimbi. Mdogo wako mawimbi ya Buffalo hakuyaona. Alichoona ni picha ya meza.

Na hiyo picha, mwenzangu, siwezi kuipitia haraka. Saa tatu usiku ya Kigoma ni saa saba mchana ya Buffalo. Wao wako nyuma yetu kwa saa nane. Mwanao aliipiga picha ile wakati wa chakula cha mchana, nje bado hapatokeki, na ndugu yake yuko gizani mji huohuo. Kupika hakukosea. Watoto wanakula, na Krismasi haiahirishwi. Kosa ni kwamba dagaa walitumwa waliwe na wote wawili, wakaliwa na mmoja, kisha wakaonyeshwa dunia nzima bila hata neno moja la kumtaja asiyekuwepo. Kwetu mgeni akichelewa sahani yake hufunikwa kawa, ikangoja. Marufuku ya magari Buffalo iliondolewa tarehe 29. Siku ile mwanao alipaswa kuwa mlangoni kwa dada yake na bakuli la dagaa na pilau iliyopashwa moto. Na kabla ya hapo, kama simu ya picha ilikuwa na chaji, ya kuuliza "umeme upo? mtoto ana joto?" nayo ilikuwa nayo. Mtoto wa mama mdogo ni ndugu yake kamili, na alimwacha siku nane. Hapo simtetei, nawe usimtetee.

Nimefika kwako sasa. Mdogo wako alikuja analia kwa sababu mwanawe amelala njaa na baridi ugenini, na pengine usiku ule hakufumba macho. Wewe ukamwambia, "Kwani mwanao hana jiko?" Mwenzangu, umeme ulikuwa umekatika. Jiko lipi? Neno hilo ndilo lililomfunga mdomo miaka hii yote. Theluji ya Buffalo iliyeyuka zamani. Kama ungemshika mkono siku ile ukasema "pole mdogo wangu, hata mimi sijaelewa", leo mngekuwa mnachambua mchele pamoja.

Kwa hiyo usimsubiri. Mkubwa jalala, unalijua hilo, lakini hata ukubwa tuuweke pembeni: aliyetoa neno ndiye anayelifuata. Nenda mwenyewe, kwa miguu yako, kabla ya tarehe 24. Usitume mtoto na wala usitume ujumbe wa simu, maana ujumbe mfupi ndio uliotufikisha hapa. Ukifika, usianze na theluji. Nakuomba sana hapo. Ukianza kumweleza habari za upepo na ziwa Erie, atasikia unamtetea mwanao kwa mara nyingine, na safari hii umekuja na hesabu. Anza na jiko. Mwambie: "Nilikujibu vibaya siku ile. Mwanao alikuwa na baridi, mimi nikakuambia apike. Nisamehe." Kisha nyamaza. Akilia mwache alie, akikusema mwache akuseme. Theluji mweleze siku akikuuliza, na atakuuliza tu, maana naye ana mtoto huko na kila Desemba roho yake iko juu.

Usiende mikono mitupu, lakini usibebe kama unalipa faini. Migebuka mikavu na mchele vinatosha. Mawese usipeleke, mawese yatamkumbusha chupa ile. Hayo mtayatia jikoni siku nyingine.

Mwanao naye ana kazi. Mpigie leo, umwambie yote niliyoandika hapa, pamoja na hilo la bakuli. Ampigie mama yake mdogo yeye mwenyewe, amtajie siku kwa siku alichofanya na ambacho hakufanya, bila kumtanguliza mkewe. Halafu mwaka huu asimwalike dada yake kuja kula tarehe 25 na kurudi. Amchukue yeye na mtoto tarehe 22, walale hapohapo hadi hali ya hewa itulie. Kwenye mji kama ule mgeni wa Krismasi huja na begi. Wanunue mapema chakula cha siku nne au tano kisichohitaji moto, maziwa ya mtoto, dawa, tochi na blanketi za ziada. Theluji ikianguka, itawakuta wote chini ya paa moja. Isipoanguka, watakuwa wamekaa siku chache kama ndugu, na watoto watakuwa wamejuana.

Mkishapatana na mdogo wako, tarehe 25 kaeni wote wawili kwako Gungu au kwake, mpige simu moja saa kumi jioni. Huko itakuwa saa mbili asubuhi, watakuwa wanakunywa chai. Mwache mdogo wako aongee kwanza.

Shangazi