Ndiyo, presha inapatikana hata Uingereza

Nimesoma kwenye grupu la ukoo mnashangaa eti presha inampataje mtu aliyeko mamtoni, matibabu hulipi, umeme haukatiki, stresi za nini. Mdogo wangu wa Ipagala, Dodoma, kaandika kabisa anauza kiwanja aje huku kupumzisha akili. Imeniuma, ngoja nijibu.

Baridi na kubeba boksi mshasikia, siyarudii. Mi nasema watu. Hakuna watu. Nalea wazee, zamu za usiku, kuna bibi namuogesha ana watoto wanne wazima na mwezi unaisha hajaja hata mmoja, nami nikitoka pale asubuhi najifungia chumbani mpaka jioni, jirani tunayegawana ukuta simjui jina. Juzi nimeumwa homa nimelala ndani, aliyenitafuta ni meneja tu, anataka kujua zamu naingia au siingii. Hapo nyumbani Nkuhungu usipoonekana asubuhi, saa nne haijafika mtu kashapiga hodi na uji wa uwele.

Na msiseme nadeka. Serikali ya huku ilishateua waziri wa kushughulikia upweke, mwaka 2018. Mtafiti Julianne Holt-Lunstad na wenzake mwaka 2010 walijumlisha tafiti 148, watu zaidi ya laki tatu, wakakuta wenye mahusiano imara uwezekano wao wa kubaki hai ni mkubwa kwa asilimia 50 kuliko wasio nayo. Sheldon Cohen naye, 1997, timu yake iliwatia watu 276 virusi vya mafua puani, wale wenye watu wa kila aina, ndugu, marafiki, wa kazini, wa kanisani, walioshikwa na mafua walikuwa wachache kuliko kwa wenye mahusiano ya aina chache. Mafua jamani! Mwili ukikaa na wasiwasi kila siku homoni za msongo hazitulii, usingizi unakata, presha inapanda, na hakuna wa kukuuliza umemeza dawa? Sisi mtu akichanganyikiwa tunakimbilia kusema apelekwe Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, hatuulizi miezi yote ile alikuwa anaongea na nani.

Kwa hiyo mdogo wangu usiuze kiwanja. Ila viza ikitoka njoo, sikudanganyi, hela ya huku ndiyo inamtibu mama. Ukifika tafuta Watanzania wiki hiyohiyo, kanisani, msikitini, kwenye mpira, popote. Sio kila kikundi ujiunge, vingine ni majungu matupu na majungu nayo yanapandisha presha. Lakini jiunge, usikae peke yako hata kama umechoka, hasa ukiwa umechoka.

Sasa nyie wengine, simu zenu. Nikiona +255 najua ni ada, msiba au send-off. Natuma na nitaendelea kutuma, ni wajibu wangu na siulalamikii. Lakini mama mkubwa peke yake ndiye anapiga kuuliza umelalaje, umekula nini, na siku akipiga naenda kazini mtu mwingine kabisa. Hiyo dawa mnayo nyie, huku hainunuliki.

Jumapili siingii zamu. Pigeni video saa mbili usiku ya huko mkiwa mnakula, muiegemeze simu kwenye jagi hapo mkekani muendelee na stori zenu, hata nisipoongea sawa tu. Mchango wa send-off nitautuma mshahara ukitoka, kwa huo msinipigie.